Udi wa Kukaribisha

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na neno moja ambalo ukilitamka mbele yake umetafuta ugomvi. Neno lenyewe ni "mtumishi." Ukisema kwamba yeye alikuwa mtumishi katika kasri ya mfalme kule Unguja, alikutazama kutoka utosini mpaka ukuchani, kisha akakuuliza kama umeamka salama.

"Mimi nilikuwa mwajiriwa," alisema. "Niliitwa, nikaulizwa najua nini, nikaandikwa. Mwezi ukiandama napewa mshahara wangu mkononi. Mtumishi ni wewe unayenichotea maji bure."

Na kweli, maji nilimchotea bure, tena mengi.

Kazi yake ilikuwa udi. Aliuchanganya, akaupika, na akawafukiza wageni wa kike waliokuja kuwaona mabibi wa kifalme. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mama yake aliifanya kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake, kurudi nyuma mpaka enzi za masultani wa kale. Kwa maelezo yake, kasri ilikuwa na wanawake wa kila kazi: mwenye funguo, mpiga pasi, mshonaji, msusi, msomaji wa Kurani, hata mkandaji wa miguu. Kila mmoja na mshahara wake, na ole wake aingiliaye kazi ya mwenziwe. Mwenye mrashi wa maji ya waridi hakugusa chetezo cha kufukizia udi, na mwenye chetezo hakugusa mrashi. Bibi aliwahi kugombana na mwenye mrashi mmoja kwa muda wa miaka saba, na alivyokuwa akiisimulia habari hiyo ungedhani ni vita vya dola mbili.

Taabu ni kwamba mambo yote haya aliyasimulia Nizwa, mji wa bara ya Oman, ambako hakuna aliyemwamini.

Sisi tulifika Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, baada ya kuhangaika huku na huku tangu tulipotoka Unguja. Baba alipata kazi ya ufundi wa magari Firq, karibu na Nizwa, tukapanga nyumba ya udongo ndani ya mitende, falaji, mfereji wa maji ya mashamba, ikipita nyuma ya jiko. Aliyetupokea alikuwa binamu yake baba, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka bahari. Mimi nikimwita ami. Ami alikuwa mpole. Mkewe, mzaliwa wa Ibra aliyeolewa Nizwa, alikuwa na mkono mkarimu na ulimi mkali: atakuletea sinia zima la wali na nyama, na kabla hujanawa mikono ameshakusema.

Kwake yeye hadithi ya kasri ilikuwa aibu mara mbili. Kwanza, wanawake wa ukoo wetu hawaendi kufanya kazi kwenye nyumba za watu, hata watu hao wawe wafalme. Pili, hadithi yenyewe ni uongo. "Kila anayetoka Zinjibari alikuwa akikaa na mfalme," alisema siku moja mbele ya wanawake kumi. "Basi huyo mfalme mwenyewe alikuwa akilala wapi, nyumba ikiwa imejaa hivyo?"

Wanawake walicheka sana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilitamani kummwagia kahawa.  Bibi hakuwa na picha wala karatasi. Tulitoka kule mbio mbio, siku za mapinduzi, na nguo za mwilini. Ushahidi wake wote ulikuwa kwenye vidole vya mkono wa kulia. Aliweza kuchukua kaa la moto kwa vidole vitupu, akaligeuza, akalipuliza, akaliweka tena kwenye chetezo pale hasa alipotaka, na huku anazungumza nawe habari za bei ya nyanya.

"Hata mpishi wa harusi anaweza hivyo," alisema mke wa ami.

Miaka ikaenda. Miaka ya themanini ilipoingia nilikuwa nimemaliza shule, nipo nyumbani, na kila Alkhamisi Bibi alikuwa akinifundisha kupika udi kana kwamba kesho naenda kufanyiwa mtihani. Unaponda vipande, unavipika kwa sukari na maji ya waridi mpaka shira inavuta, unatia sandali na miski na zafarani. Ukizembea kidogo tu sukari inaungua, na udi mzima unanuka kama jiko la watu maskini. Hayo ni maneno yake, na sisi wenyewe hatukuwa matajiri.

Basi nje kidogo ya mji palikuwa na nyumba moja ambayo watu wa kifalme wakifikia wanapopita mikoa ya bara. Sisi tukiiita nyumba kubwa. Siku moja ikasikika kwamba mabibi kadhaa wa kifalme watakuja kukaa siku mbili, na msimamizi wa nyumba, mwanamke wa Maskati aliyevaa miwani kwa kamba, anatafuta wanawake wanaojua kuhudumia wageni wakubwa. Atakayefanya vizuri ataandikwa kazi ya kudumu. Alipofika kwa mke wa ami kuuliza, mke wa ami alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nenda kwa yule bibi wa Zinjibari," akamwambia. "Yeye amehudumia wafalme mpaka amechoka."

Alisema kwa kejeli. Msimamizi hakujua kama ni kejeli, akaja.

Bado namwona amesimama mlangoni kwetu na miwani yake. Bibi alimkaribisha ndani, akamfukiza (labda mwenyewe alidhani anaonjeshwa kazi), akamwacha amalize kikombe cha chai ya tangawizi, ndipo akasema kwamba magoti yake yamekwisha, hawezi tena kupiga magoti mbele ya wageni, lakini anaye mjukuu. Msimamizi alinusa mkono wa abaya yake, kisha akanitazama mimi.

"Aje," akasema.

Siku zile tatu za kungoja Bibi hakunipa nafasi ya kupumua. Alinifundisha kwa kumfukiza yeye mwenyewe, halafu mto, halafu mbuzi wa jirani. "Usimfukize mtu kama unafukuza mbu. Anzia chini, kwenye upindo wa nguo. Mgeni ahisi joto kwanza, harufu imfuate. Na akishakaa tu, kabla hajanywa hata maji, wewe uwe umeshaingia. Mgeni akinywa kabla ya udi, nyumba imeaibika."

Usiku wa kuamkia siku yenyewe alinishika mkono. "Skiza, mwanangu. Mimi hapa nimeitwa mwongo miaka kumi. Nimenyamaza kwa sababu sina cha kuonesha. Sasa ninacho, ni wewe. Ukiharibu, basi mimi sikuwahi kukanyaga kasri yoyote."

Sikulala. Si kwa ajili ya kazi, maana kazi ningetafuta nyingine. Nilimwogopea Bibi.

Asubuhi nilikwenda na chetezo chetu cha udongo ndani ya kapu, na chupa ya udi nimeifunga kwa khanga. Nyumba kubwa ilikuwa na zulia ambalo mguu unazama. Msimamizi alikuwa akikimbia huku na huku na wapishi wake, na aliponiona aliniuliza jambo moja tu.

"Wakati wa kuingia na udi unaujua?"

"Naujua," nikamjibu.

Na yeye alikuwa akiujua. Bahati mbaya wakati wake na wakati wangu haukuwa mmoja.

Saa nne mabibi waliingia, saba kwa hesabu, wamechoka kwa joto la njiani. Mkubwa wao alikuwa Seyyida mmoja mzee, mwembamba, mwenye fimbo ya fedha na macho yasiyokosa kitu. Walikaa. Wakajinyoosha. Mmoja akaanza kupepea. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimeshapuliza makaa, nikasema bismillahi, nikatoka na chetezo kinafuka, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Seyyida, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikaanzia kwenye upindo wa nguo.

Chumba kikawa kimya. Nikafurahi, nilidhani wameduwaa kwa harufu.

Seyyida alinitazama kidogo, akatazama chetezo, akashika fimbo yake akainuka. Wengine sita nao wakainuka. Wakatengeneza shela zao, wakaanza kwenda mlangoni taratibu, kwa heshima zote. Nikasema moyoni, labda wanakwenda kutia udhu. Na mimi kwa kuwa nimefundishwa kwamba mgeni asikatishwe udi, nikawafuata! Nikawafukiza kutoka nyuma mpaka mlangoni, mmoja baada ya mwingine, hata nikamwinamia mmoja aliyekuwa anatafuta kiatu.

Hapo ndipo nilipohisi kucha za msimamizi kwenye mkono wangu.

"Umewafukuza!" alininong'oneza, uso wake hauna damu. "Wallahi umewafukuza! Hata kahawa hawajanywa!"

Nilimwambia nimewakaribisha. Akanambia neno ambalo kila mtoto wa Nizwa analijua na sisi kwetu hatukuwahi kulisikia, kwa sababu mambo kama hayo hakuna anayemfundisha mgeni mpaka akosee: baada ya udi hakuna kukaa. Kule bara udi ni wa mwisho. Mgeni amekula, amekunywa, mmezungumza yamekwisha, ndipo unamletea chetezo, naye anajua kwamba kwa adabu kabisa anaambiwa kwa heri. Mimi niliwapokea mabibi wa kifalme, waliotoka safari ya masaa, kwa kuwaambia waondoke.

Miaka yote ile tulipokwenda kwa watu na ukaletwa udi, sisi tulidhani karamu ndiyo kwanza inachangamka, tukakaa saa nzima zaidi. Sasa nikaelewa kwa nini mke wa ami akitukunjia uso.

Nilipaswa kuomba radhi. Lakini mimi nina hasira za karibu, na aibu ikinishika hutoka kwa mdomo. "Kwetu udi ni karibu!" nikasema kwa sauti ambayo haisemwi ndani ya nyumba kama ile. "Bibi yangu amefukiza wageni wa mfalme Unguja miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyeinuka!"

Msimamizi alifumba macho. Seyyida alikuwa na mguu mmoja ndani ya kiatu. Akageuka, akavuta hewa kwa pua, mara moja, mara ya pili.

"Udi huu kapika nani?"

"Huyo huyo bibi yangu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa akicheka. Akacheka mpaka akaegemea fimbo, na wale sita wakacheka kwa sababu yeye kacheka. "Njia yote ile," akasema, "na mtoto anatufukuza kwa udi mzuri hivi." Akavua kiatu. "Leo tutakaa kwa ada ya kwao. Haya, ya binti, anza upya."

Nikaanza upya. Siku nzima, kila nilipopita na chetezo, mmoja wao alijifanya anainuka, wenzake wakamvuta nguo akae. Walifurahi sana. Mimi sikufurahi hata kidogo, kwa sababu msimamizi hakunisemesha tena, na jioni alinipa bahasha ya kazi ya siku moja bila ya neno juu ya kudumu. Akanipa na furushi. Seyyida amempelekea Bibi zawadi.

Habari za Nizwa hutangulia mwenye habari. Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wa ami ameshakaa kwenye mkeka wetu.

"Mmeona?" alikuwa akimwambia Bibi. "Mtu aliyefanya kazi kasri atakosaje kujua jambo ambalo mchunga mbuzi analijua? Ya khalati, mama yangu, sasa tuyaache haya maneno ya kasri. Tumeshaaibika vya kutosha."

 Bibi alinitazama mimi tu, na nilitamani zulia lile la nyumba kubwa linimeze. Nikamsimulia yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika kwenye zawadi nikalifungua furushi: doti la hariri ya rangi ya zabibu, na ndani yake bahasha nene.

Nilidhani atafurahi. Alikunja hariri kama ilivyokuwa, akaifunga tena.

"Zawadi hii ni ya nini?"

"Kwa udi, Bibi. Kaupenda."

"Kaupenda kwa kucheka. Huku ni kumpa bakhshishi aliyekuchekesha." Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilijua kwamba ameumia kuliko alivyoumizwa na mke wa ami kwa miaka kumi. "Mcheza kwao hutunzwa. Mimi huku si kwetu, basi nisitunzwe. Kesho utairudisha. Utasema hivi: bibi yangu anashukuru, lakini hapokei zawadi kwa kazi. Kama udi ni mbaya, asipewe kitu. Kama ni mzuri, aajiriwe."

Mke wa ami aliinuka. Zawadi ya watu wa kifalme hairudishwi. Mtu anaweza kurudisha mahari, si hiyo. Akamwomba, akamshika mikono, kwa mara ya kwanza nikaona ana hofu ya kweli juu yetu. Bibi alisema hapana. Baba alipotoka Firq na mafuta ya gari mpaka kwenye viwiko, naye alijaribu. Bibi alimwambia anawe mikono.

Asubuhi baba alinipeleka kwa pikapu, akaniteremsha mbali na geti kwa kuwa hakutaka kushuhudia. Magari ya mabibi yalikuwa tayari, milango iko wazi. Nilimkuta Seyyida barazani anangoja, nikaweka furushi mbele ya miguu yake, nikasema maneno ya Bibi yote, sikupunguza. 

Safari hii hakucheka. Alikaa anachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Alikuwa akilipwa kule?" akauliza.

"Mwezi ukiandama. Yeye hakuwa mtumishi. Alikuwa mwajiriwa."

"Nyumba zetu," akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "zimejaa watu wa kupewa, si wa kulipwa." Kisha akamwita msimamizi. "Mwandike huyo mwanamke. Kazi yake kupika udi wa nyumba hii, huko huko kwake. Na mtoto mwandike kwa chetezo. Mfundisheni wakati."

Nilirudi kwenye pikapu mbio, na hariri nimeiacha pale pale. Mpaka leo nikiikumbuka rangi yake roho inaniuma kidogo.

Wiki ya pili msimamizi alikuja na fomu. Palikuwa na sharti la umri, na Bibi alikuwa amelipita zamani, sisi sote tulijua. Lakini tulipoingia Oman bila ya vyeti, afisa aliyeandika pasipoti alimtazama Bibi usoni akakisia tu, na siku ile Bibi alikuwa amejipaka wanja. Ikawa kwa mujibu wa serikali ni mwanamke wa miaka arubaini na minane. Kwa hesabu hiyo alimzaa baba akiwa na miaka saba. Msimamizi aliisoma pasipoti, akamtazama Bibi, akaisoma tena, akavua miwani akaifuta.

"Mashallah," akasema, akaandika.

Bibi alitia saini yake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, bila ya haraka, ikichukua mstari mzima.

Mke wa ami hakuonekana siku kadhaa. Alipokuja alikuwa na sinia la halua kichwani, na mimi nikajua amekuja kufanya suluhu, maana halua ile ilikuwa ya siku ya Idi. Bibi alisikia hodi. Akaniambia, "Lete makaa."

Mke wa ami alipovua viatu tu, kabla hajaweka hata sinia chini, Bibi akawa mbele yake na chetezo kinafuka. Yule mama alisimama pale pale. Alijua ada ya kwao, na alishajua ya kwetu, na hakujua ni ipi anayofanyiwa. Na Bibi, Mungu amrehemu, alimwacha asimame hivyo hivyo, moshi unapanda baina yao, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Nilikuwa nimeuma khanga nisicheke.

Kisha mke wa ami akaweka sinia chini, akakunja miguu, akakaa kwenye mkeka. Akashika upindo wa nguo yake mwenyewe akausogeza kwenye moshi.

"Mabruk," akasema. "Mabruk, ya muwadhafa."

Mabruk ni hongera, na muwadhafa ni mwajiriwa. Hakuna mtu wa Nizwa aliyewahi kumwita Bibi hivyo.

Bibi alikuwa ameshika kaa kwa vidole, analigeuza kama kawaida yake. Likamponyoka. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona kaa likimponyoka. Lilianguka kwenye mkeka likaanza kula ukindu, na mke wa ami akalizima kwa kiganja huku anapiga ukelele, na Bibi akasema moshi wa leo mkali, unatoa machozi. Tulikula halua yote. Alipoaga ilikuwa magharibi, na hakuna aliyemletea udi wa kumtoa.